Mahari Kwenye Rori

"Kiplagat ni yupi hapa?"

Ayuma aliisikia sauti hiyo akiwa juu ya lori, ameinama, anafunga kamba kwenye tenga la mwisho la kuku. Miezi minane hakuwa ameisikia, na bado angeitambua hata katikati ya soko. Ilikuwa sauti ya Philemon, mume wake, ambaye wakati huo alipaswa kuwa Jinja, nchi ya Uganda, anapaka chokaa chumba walichokodi.

"Baba Selpher!" akaita, akaruka chini bila kujali sketi. "Kumbe umekuja! Si nilikwambia usije?"

Philemon alimpita kama hamjui.

"Nimeuliza, Kiplagat ni yupi? Sokoni wamesema yuko hapa."

Wapakiaji wa mbao waliacha kazi. Walikuwa saba, hapo kwenye uwanja wa mbao wa Kakamega, ng'ambo ya barabara kutoka posta, saa nane za mchana, jua kali. Kiplagat, dereva wa lori, alikuwa amechuchumaa anaangalia tairi. Alikuwa Mnandi mrefu, mtu wa maneno machache. Akainuka, akajifuta mikono kwenye suruali, akatabasamu. Maskini wa Mungu, alitabasamu!

"Ni mimi, ndugu yangu. Wewe ndiye baba ya hawa watoto? Karibu sana. Mama alikuwa anatuambia..."

Panga lilitoka chini ya koti.

Lilikuwa jipya kabisa. Lilikuwa bado linang'aa mafuta ya dukani, na mpini umefungwa kipande cha gazeti. Ayuma aliliona lile gazeti kwanza, akajiuliza kitu cha kijinga, kwamba Philemon amenunua panga la nini na shamba hatuna huko. Hakumaliza kuwaza.

"Leo utaila hiyo mahari yako na damu!" Philemon akapiga kelele.

Kiplagat aliinua mkono kujikinga. Panga lilimpata chini ya kiwiko, nyama ikafunguka nyeupe kabla damu haijakumbuka kutoka. Ilipokumbuka, ilitoka yote kwa pamoja. Dereva akaanguka kwenye gurudumu, anautazama mkono wake kama si wake.

"Uuuwi!" Ayuma alipiga mayowe. "Philemon! Una wazimu?"

"Wazimu? Mimi ndiye mwenye wazimu?" Akageuka, macho mekundu, midomo imekauka vumbi la safari. "Na kuku pia unampelekea? Hata kuku zangu?"

Akapanda kwenye lori. Alikata kamba, akapiga teke matenga, akaanza kukata. Kuku walikuwa kumi na wanane. Ayuma aliwafuga mwenyewe miezi yote hiyo, mmoja mmoja, kwa sababu ya barua ambayo Philemon huyohuyo alimwandikia: "Mama Selpher, watu wetu wa Kakamega na Matungu wamejaa hapa kwenye viwanda, wamechoka matoke. Wanalilia obusuma bwa wimbi na ingokho ya nyumbani. Tukifungua hoteli ndogo, tumeokoka." Hiyo ndiyo ilikuwa biashara yenyewe, ugali wa wimbi na kuku wa kienyeji. Hao kuku ndio walikuwa hoteli. Na sasa mwenye hoteli alikuwa juu ya lori anaichinja hoteli yake kwa panga jipya, manyoya yanaruka hadi barabarani, vichwa vinadondoka kwenye mbao.

Selpher, binti wa miaka sita, alikuwa amemkumbatia mdogo wake Jael chini ya lori. Wote wawili walikuwa wanalia kwa sauti moja.

Ayuma alipanda. Alimshika mume wake kiuno kwa nyuma.

"Acha! Baba Selpher, acha, watoto wanaona!"

Hakugeuka hata kumtazama. Alirusha mkono nyuma tu, mpini ukampata Ayuma juu ya jicho la kushoto. Alisikia kitu kikipasuka kama kibuyu. Akaanguka kutoka kwenye lori, chali, kwenye vumbi, na jua likawa jekundu kwa sababu damu ilikuwa imemwingia machoni.

Hapo ndipo wapakiaji walipopata akili zao.

"Ameua mwanamke!"

"Mshike! Piga!"

Walimvuta Philemon miguu. Panga likaruka kando. Mmoja alimpiga na ubao mgongoni, mwingine akamkanyaga kifua, wa tatu akaokota jiwe, na watu wa sokoni, ambao hawakujua hata kisa, walikuja mbio na mawe yao. Ukitaka kujua jinsi mtu anavyokufa mchana kweupe Kakamega, ni hivyo. Hakuna anayeuliza, kila mtu anaongeza lake.

Ayuma alisikia mume wake akilia "Mama!" mara moja tu, kisha hakusikia tena.

Hajui alifikaje. Anachokumbuka ni kwamba alikuwa amelala juu yake, kifua kwa kifua, damu yake inamdondokea mwanamume usoni, na jiwe la kwanza lililokusudiwa Philemon likampata yeye begani.

"Mnaua nani?" akapaza sauti. "Nawauliza! Mkimwua, mniue mimi kwanza! Hawa watoto mtawalea nyinyi? Wewe na hilo jiwe, utamnunulia Selpher viatu?"

Yule mwenye jiwe akaliangalia jiwe lake, akaliacha lianguke.

Kuku mmoja asiye na kichwa alikuwa bado anakimbia kuzunguka tairi. Na Kiplagat, ameegemea gurudumu, shati lake limefungwa kwenye mkono na limeshalowa, aliuliza swali ambalo mtu angepaswa kuuliza tangu mwanzo.

"Ndugu, mimi nimekukosea nini?"

Philemon alitema jino.

"Umetoa mahari ya mke wangu."

"Nini?"

"Mahari! Unajifanya hujui? Umekwenda kwa mkwe wangu, mzee Hezekiah, umemtolea ng'ombe, umechukua mke wangu na watoto wangu!"

Kiplagat akamtazama Ayuma. Ayuma akamtazama Kiplagat.

"Mimi niko na bibi Kapsabet," dereva alisema polepole, "na watoto wanne, na hata huyo sijamaliza kumtolea. Nitoe mahari nyingine ya nini? Nani amekwambia?"

Philemon, bado chini ya mke wake, aliingiza vidole vilivyovimba mfukoni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa telegramu. Ayuma aliifungua. Alijua kusoma kidogo, herufi kubwakubwa, na hizi zilikuwa kubwa.

KIPLAGAT AMETOA MAHARI. TUNATOKA IJUMAA NA WATOTO NA KUKU. USIJE. AYUMA.

"Lakini hii si ndiyo niliyotuma?" Ayuma alisema. "Kiplagat ametoa mahari! Kwenye rori ya Jinja! Mahari ya kukaa, mimi na watoto na kuku! Nikasema usije, usipoteze nauli!"

Sasa, msomaji wangu, kabla hujamlaumu mtu, nikuambie habari ya ulimi wa Ayuma. Ulimi ule ulizaliwa Shirere, nao haukuwahi kuwa na urafiki na herufi L. Lori ni rori, kulala ni kurara, na mahali, wee, mahali ni mahari tangu siku alipoanza kusema Kiswahili. Nyumbani wote walisema hivyo na wote walielewana. Mimi hapa sikuandika kila neno lake jinsi alivyolitamka, maana tungechanganyikiwa sote. Lakini karani wa telegramu hakupata huruma hiyo. Yeye aliandika alichosikia.

Na kelele zilikuwa zimemleta, akavuka barabara mbio na kofia yake nyeupe mkononi. Huyo alikuwa Rajabu, mtu wa Mumias, Kiswahili chake kimenyooka.

"La haula!" alisema alipoona damu. Kisha akaona karatasi. "Mama, mimi si nilikuuliza? Nilikuuliza, 'mahari?' Ukasema, 'Ndiyo, mahari.' Nikauliza tena. Ukanikaripia, ukasema, 'Andika mahari, kwani wewe husikii?' Nikasema haya ni mambo ya nyumba za watu, nikaandika."

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja wa sokoni alianza, akaona mkono wa Kiplagat, akajifunika mdomo.

Philemon aliigeuza telegramu, akaisoma tena, midomo inatembea. Aliisoma mara tatu. Kisha akaweka uso kwenye vumbi, akalia kwa sauti kubwa kama ng'ombe anayechinjwa vibaya.

"Mpelekeni polisi," mpakiaji mmoja akasema.

"Ngoja," alisema Kiplagat. "Polisi watamfunga, na mimi nitapata nini? Huu mkono hautashika hata kijiko. Nani atapakia hizi mbao? Atapakia yeye. Mpaka mkono wangu ushike usukani, yeye ndiye turniboi wangu, msaidizi wa lori. Umesikia, bwana?"

"Nimesikia," Philemon akasema ndani ya vumbi.

Mwenye uwanja wa mbao alitoa gari lake, wakapelekwa hospitali ya misheni Mukumu, Kiplagat na Ayuma pamoja. Masista waliwashona, Kiplagat nyuzi ishirini na mbili, Ayuma saba. Wala hawakuzungumza njiani, ila mara moja Kiplagat alisema, "Pole, mama," na Ayuma akasema, "Pole, baba," wakaishia hapo.

Kesho yake Philemon alikuja Shirere, nyumbani kwa wakwe zake, ambako Ayuma alikuwa amelala na watoto. Alikuja akichechemea, uso umevimba hadi jicho moja halionekani. Mzee Hezekiah alimwona kutoka mlangoni. Mzee yule alikuwa na miaka sitini na zaidi, lakini alitoka na rungu mbio kama kijana.

"Umerudi kummaliza? Njoo! Njoo hapa nikuonyeshe jinsi tunavyomalizanga watu!"

Rungu lilishuka begani mwa Philemon. Hakujikinga. Likashuka tena. Mama Roda, mke wa mzee, alikuwa anapiga kelele, "Utamwua mbele ya wajukuu!" Rungu likainuka mara ya tatu, na Ayuma akalishika kwa nyuma, kwa mikono yote miwili, bandeji kichwani.

"Baba, basi!"

"Niache! Amekupasua uso!"

"Amenipasua yeye, lakini panga nani alilinoa?"

Mzee akageuka. "Unasema nini?"

"Miaka saba, baba. Kila anapokuja hapa unamwambia, 'Siku mwingine akileta mahari, nampa binti yangu, na watoto pia.' Kwenye matanga unasema. Kwenye harusi unasema. Ulimwambia hata siku anaondoka kwenda Jinja. Unadhani aliposoma hilo neno alifikiri nini?"

Mzee Hezekiah akaliacha rungu mikononi mwa binti yake, akaingia ndani.

Wakabaki wawili. Philemon alikuwa amepiga magoti pale alipopigwa. Ayuma alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa, rungu magotini.

"Nisamehe, Mama Selpher."

"Nikuulize kwanza. Ulitoka Jinja lini?"

"Jana alfajiri."

"Kwa basi?"

"Kwa basi mpaka Busia. Halafu nikadandia gari ya samaki."

"Ni karibu siku nzima hiyo. Njia yote hukujiuliza chochote?"

"Nilijiuliza."

"Ulijiuliza nini?"

"Nilijiuliza nitaanza na nani."

Afadhali angedanganya, lakini hakudanganya.

"Na panga?"

"Nilinunua Busia."

"Ukachagua?"

"Nilichagua."

"Yaani ulisimama dukani, ukashika hili, ukalirudisha, ukashika lile. Ukampa Mhindi pesa, akakufungia na gazeti. Na muda wote huo hukuona kuku?"

"Kuku gani?"

"Kuku kwenye telegramu! Nimeandika 'na watoto na kuku'! Mwanamke gani anatoroka na bwana mwingine halafu anakutumia habari ya kuku? Nakutangazia nini, kwamba mchumba wangu mpya anapenda mayai?"

Philemon karibu acheke. Kidonda cha mdomo kikamzuia, na alipomwona usoni akaacha kabisa.

"Niliona neno moja tu," alisema. "Hilo neno limekaa hapa miaka saba." Akajipiga kifuani. "Nilikuchukua kwa baba yako bila hata mbuzi. Kila mwaka nasema mwaka kesho. Nilijua siku moja mtu mwenye ng'ombe atakuja. Nilipolisoma sikushangaa hata. Nilisema, ndiyo hii."

"Na mimi? Uliniona mtu wa kuchukuliwa na ng'ombe?"

Philemon akafuta damu mdomoni.

"Nakuuliza, Philemon. Miezi minane nalala na hawa watoto, nafuga kuku, nakataa kuwauza hata Selpher alipougua, nasema hawa ni wa Jinja. Nilikupenda mpaka nikalala juu yako mawe yakirushwa. Wewe uliponisoma mimi, ulisoma nini?"

"Nilikosea."

"Rajabu alikosea. Mimi nilikosea. Wewe ulipiga."

Jael alitoka nje, miaka mitatu, akamwona baba yake na uso ule, akarudi ndani mbio. Philemon aliutazama mlango muda mrefu.

"Niambie la kufanya," alisema. "Lolote."

Ayuma alisimama. Alikuwa ameliwaza usiku kucha, kichwa kinamgonga.

"Neno ulilosoma ni lipi?"

"Mahari."

"Basi ndilo hilo. Halifutiki. Utapakia mbao za Kiplagat mpaka mkono wake upone. Halafu utatafuta ng'ombe, utawaleta hapa kwa baba yangu, kwa miguu, watu wote wa Shirere waone. Ulikata mtu karibu afe kwa sababu ya mahari, nataka niione kwa macho. Ukishaleta mahari, ndipo nitakuja huko ma... ma-ha..." Akasimama. Akaukunja ulimi, akaukaza nyuma ya meno, akajaribu tena taratibu. "Ma-ha-li."

Ilikuwa mara ya kwanza maishani. Wote wawili waliisikia.

"Na huo mkono," akaongeza. "Siku utauinua tena kwangu, au kwa hawa watoto, sitalia wala sitaita baba. Kiplagat anapita Jinja kila wiki. Nitapanda rori, na hutanipata tena. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Basi nenda. Mbao zinakungoja."

Alikwenda. Na aliyafanya, nisimnyime haki yake. Miezi mitatu, dereva wa kibarua akishika usukani, alipakia mbao Kakamega na kuzishusha Jinja, bega likatoka sugu, na Kiplagat akawa anawaambia watu, "Huyu ni mtu alinikatanga, sasa tunakulanga pamoja." Mkono ulipopona, vidole viwili havikukunjika tena. Philemon alivitazama kila siku akimpa dereva chai. Alikuwa anatakiwa kuvitazama.

Kisha akabaki Jinja, na Ayuma hakusikia kitu. Mwezi ukapita, wa pili, wa tatu. Kovu likageuka mstari mweupe uliokata nyusi. Akaanza tena na mitetea miwili ya mama yake na jogoo wa kuazima. Usiku mwingine alimkumbuka mume wake mpaka akaona haya. Usiku mwingine aliamka amejikinga uso kwa mikono, na hakukuwa na mtu.

Siku moja asubuhi, msimu wa kupalilia, Rajabu mwenyewe alikuja Shirere kwa baiskeli. Karani wa telegramu hatembezangi karatasi, kuna watu wa kazi hiyo. Lakini hii alisema hataiamini mikononi mwa mtu mwingine.

"Salaam aleikum, mama. Ni ya kutoka Jinja."

Ayuma, aliyekuwa akipalilia mahindi kando ya nyumba, alifuta udongo mikononi. Hakuipokea.

"Nisomee wewe."

Rajabu akakohoa, akasoma. "NIMEPATA MAHARI. NG'OMBE WANNE NA NDAMA. NALETA KWA MIGUU. MAHALI PIA PAKO TAYARI. PHILEMON."

Mzee Hezekiah, aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango kama mtoto, alitoa kichwa.

"Hiyo ya kwanza," Ayuma alisema, "ni R au ni L?"

"Ni R, mama. Nimepiga simu Jinja wakanihakikishia."

"Na ya pili?"

"Ni L."

Ayuma aliketi chini pale pale, katikati ya mahindi. Alilia kidogo, akacheka kidogo, akajigusa nyusi. Kovu lilikuwa linawasha, kama linavyofanyanga mvua ikikaribia. Rajabu alitoa penseli sikioni.

"Niandike jibu?"

"Andika, 'Njoo bira panga.'"

Penseli ikasimama. Wakatazamana.

"Mama," alisema Rajabu kwa upole, "hapo kuna L. Tukiandika ulivyosema, huko wataona unaagiza bia."

Ayuma alifikiri. Aliyatembeza maneno mdomoni, moja moja, akiyakagua kama mtu anayechagua mbegu. Alichukua muda. Rajabu hakumharakisha.

"Basi andika hivi. Njoo. Acha panga Jinja. Ayuma."

Karani akaandika. Akapitisha penseli juu ya kila herufi, kutoka mwanzo hadi mwisho, halafu akarudia.

"Hakuna L," alisema. "Wala R."

"Msomee baba naye asikie."

Rajabu akamgeukia mzee Hezekiah, akamsomea kwa sauti, na mzee akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Kisha Ayuma akaokota jembe, akarudi kwenye mstari wake, maana palizi ilikuwa haijaisha na wageni wangekuja na ng'ombe.